Jiwe Nalo Huisha: Somo la Watoto Wetu wa Kibera na Kawangware



Sisi tuliolelewa Pwani tumezoea kulitaja jiwe kama kitu kisichobadilika. Moyo usio na huruma tunauita jiwe, mtu asiyeshaurika tunamfananisha na jiwe, na katika miji yetu ya kale, tangu Pate na Lamu hadi Mombasa, nyumba ya mawe ndiyo iliyokuwa dalili ya ukoo uliotulia. Hata hivyo, aliyewahi kufagia nyumba katika Mji wa Kale anajua jambo jingine. Kila asubuhi hukuta vumbi jeupe chini ya ukuta, mahali ambapo lipu imebanduka na chumvi ya bahari imepenya. Vumbi hilo ni ukuta wenyewe. Unaondoka punje kwa punje, na mwenye nyumba huuzoa na kuutupa bila ya kufikiri. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na lililo kweli kwa gogo ni kweli kwa jiwe pia.

Juma hili tunapenda kuwaeleza jinsi tunavyowafundisha watoto jambo hilo kwa mikono yao wenyewe, mbali na bahari, katika mitaa miwili ya Nairobi.

Sisi tunaoandika ni akina mama wachache wa Pwani ambao ndoa na kazi zimetuleta bara. Kila Jumamosi, watoto wanapomaliza darasa la Qur'ani, hubaki nasi kwa muda wa saa moja na nusu: juma moja Kibera, juma la pili Kawangware. Kibera si ugenini kwa Waislamu. Mtaa ule uliasisiwa na Wanubi, askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, pamoja na jamaa zao, na jina lake linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 2017, baada ya madai ya miaka mingi, jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Kawangware, iliyo upande wa magharibi wa jiji, ni mtaa wa watu waliotoka kila pembe ya nchi. Kote kuwili tumepokewa kama ndugu.

Tulianza kwa kuwasaidia watoto kazi za shule, kwa kuwa mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika rasmi mwaka 2019, unamtaka mzazi ashiriki, na wazazi wengi wa mitaa hii hutoka alfajiri na kurudi usiku. Tulipofika kwenye somo la mawe na udongo tukagundua kwamba watoto wanayajua yote kwa ulimi. Waliweza kutaja aina tatu za miamba kama wanavyotaja siku za juma. Tulipowaomba kila mmoja alete jiwe moja na atuambie ni la aina gani, walitazamana. Walidhani mawe ya kitabuni ni mengine, na haya wanayoyakanyaga si kitu.

Basi tukaanza na sanduku. Kila mtoto alileta jiwe lake, akaliandikia jina kwenye karatasi na kulifunga kwa uzi. Sharti lilikuwa moja tu: lisitolewe kwenye reli. Njia ya garimoshi iendayo Kisumu inapita katikati ya Kibera, na kokoto zilizomwagwa pale ndizo zinazoyashikilia mataruma yasisogee. Zaidi ya hayo, reli si mahali pa mtoto kuinama akichagua mawe.

Juma lililofuata sanduku lilijaa. Kulikuwamo mawe mazito ya kijivu yaliyokaribia weusi, magumu kiasi kwamba msumari haukuyaachia alama. Kulikuwamo vipande vyepesi vya mawe ya kujengea, vilivyookotwa miguuni mwa fundi. Kulikuwamo pia mabonge ya udongo mwekundu, vigae vya matofali, na kipande cha saruji ambacho mwenyewe alisisitiza kwamba ni jiwe, hata yakazuka mabishano marefu yenye manufaa. Sisi nasi tuliongeza vya kwetu: tumbawe kutoka Mombasa, kijiwe cha kusagia liwa, jiwe la kusugulia miguu, na kinyago kidogo cha jiwe la sabuni kutoka Tabaka, Kisii.

Kutokana na sanduku hilo, aina tatu za miamba zilipata sura. Nairobi imekaa juu ya kazi ya volkano zilizolipuka mamilioni ya miaka iliyopita, wakati ardhi ilipokuwa ikipasuka na kufanya Bonde la Ufa. Mawe yale magumu ya kijivu ni uji wa moto uliopoa ukaganda. Mawe ya kujengea, kama yale yanayochimbwa Ndarugu katika kaunti ya Kiambu, ni majivu ya volkano yaliyotua, yakashindiliana na kushikana. Ndiyo sababu fundi huyachonga kwa nyundo na patasi bila ya taabu kubwa. Jiwe la kusugulia miguu nalo ni povu la volkano lililoganda likiwa na hewa ndani yake. Tuliliweka kwenye beseni la maji, nalo likaelea. Watoto walipiga kelele, na mmoja wetu, aliyelitumia jiwe la namna hiyo tangu utotoni, alikiri kwamba hajapata kulijaribu majini.

Tumbawe ni jambo jingine kabisa. Halikutoka motoni. Lilijengwa baharini na wanyama wadogo wanaojitengenezea nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi. Jiwe la sabuni ni la aina ya tatu, yaani mwamba uliogeuka hali yake ndani ya ardhi kwa nguvu ya joto. Mtoto aliyekishika kinyago kile akaukwaruza upande wake wa chini kwa ukucha, kisha akashika jiwe la reli alilokuwa akiliona kila siku kwa macho tu, hasahau tena kwamba mawe yana tabia mbalimbali.

Tulipokwisha kuyajua mawe yenyewe, tukaingia katika kuisha kwake. Hapa kuna mambo mawili ambayo watoto, na hata wakubwa, huyachanganya. La kwanza ni kuchakaa kwa mwamba ukiwa pale pale ulipo: unapasuka, unalainika, unageuka unga. La pili ni mmomonyoko, ambao ni kuchukuliwa kwa unga ule na maji au upepo na kupelekwa mbali. La kwanza huvunja. La pili hubeba. Tulitumia majuma kadhaa kwa lile la kwanza.

Tulianza na siki. Tuliwapa watoto kijiko na siki kidogo, wakadondoshea kila jiwe tone moja na kusikiliza. Mawe ya Nairobi yalinyamaza. Tumbawe likatoa povu na mchirizo mwembamba wa sauti, kama chai inayotaka kuchemka. Tukawaeleza kwamba siki ni kali na chokaa haiuvumilii ukali. Maji ya mvua nayo yana ukali wake, hafifu sana, kwa kuwa yanapoanguka huchanganyika na hewa ya kaboni. Mvua moja haifanyi kitu. Mvua za maelfu ya miaka huchimba pango. Ndiyo maana katika mwamba wa matumbawe wa Pwani yetu kuna mapango, na kijiji cha Shimoni huko Kwale kimepata jina lake kwa pango kama hilo. Ngome ya Yesu pale Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe, inashambuliwa na wote kwa pamoja: mvua juu, chumvi ubavuni, na mawimbi miguuni.

Kisha tukatia vipande vya mawe ya kujengea ndani ya kopo la rangi, tukamimina maji, tukafunika. Kila mtoto alitikisa mara hamsini, akihesabu kwa sauti, na kulipitisha kopo kwa jirani yake. Lilipofunguliwa, pembe kali zilikuwa zimelainika na maji yamekuwa mazito ya kijivu. Hapo kijiwe cha liwa kilipata nafasi yake. Kila mama wa Pwani anakijua: tumbawe bapa ambalo juu yake husugua kijiti cha liwa kwa marashi, hata likafanya bonde katikati. Tuliwapitishia watoto, wakatia vidole ndani ya bonde lile. Kilichokuwa cha bibi wa mmoja wetu kina bonde la kina cha kidole gumba. Jiwe lilikula mti, na mti nao ukala jiwe.

Katika Kawangware tulianza na rangi. Udongo wa upande ule ni mwekundu, mwekundu wa kutia doa katika kanzu nyeupe lisilotoka kwa sabuni. Watoto wengi walidhani ndiyo rangi ya udongo tu. Tulichukua misumari, mingine tukaitia katika gilasi ya maji ya chumvi, mingine tukaiacha mahali pakavu. Baada ya juma moja ile iliyokuwa majini ilikuwa imeota kutu. Tukawauliza: ni wapi tena mmeiona rangi hii? Mmoja akaelekeza kidole juu, kwenye bati la paa. Mwingine akaelekeza chini, sakafuni. Wote wawili walisema kweli. Ndani ya miamba ya volkano mna chuma. Mwamba unapochakaa, chuma kile hukutana na maji na hewa, kikashika kutu, na kutu hiyo ndiyo inayoupaka udongo rangi. Paa la mabati na ardhi ya Kawangware vimepakwa rangi na fundi mmoja.

Mengine tuliyafanya kwa ufupi. Mwenye duka mmoja alituhifadhia ndani ya friji lake chupa ya plastiki iliyojaa maji pomoni. Ilipoganda ilivimba na kupasuka ubavu, na watoto wakaelewa jinsi baridi ya usiku inavyopasua miamba juu ya Mlima Kenya, ambako maji huganda ndani ya nyufa. Tulipanda maharagwe chini ya tabaka la udongo uliokaushwa ukawa mgumu kama ganda, nayo yakalipasua ganda na kutoka, kama mizizi ya miti inavyopasua kuta za magofu ya Gede. Jambo moja tuliwakataza kabisa, nasi tunawahadharisha wazazi wote: jiwe lisitiwe motoni kisha likamwagiwa maji baridi. Laweza kupasuka kwa kishindo na vipande vikaruka machoni.

Si kila mzazi aliyefurahi. Mama mmoja wa Kibera alikuja akiwa na hasira, na alikuwa na haki ya kuuliza. "Mwalimu," alisema, "mwanangu namtoa nyumbani msafi aje asome, arudi kwangu ametapakaa tope. Na maji nanunua kwa mtungi. Je, tope ni elimu?" Hatukubishana naye. Katika mitaa ambayo kila lita ishirini za maji zina bei, nguo safi ya mtoto ni heshima ya mama yake. Tangu siku ile tulianza kutumia maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine, kama ya kuoshea mchele, na tukashona aproni za magunia. Tulimwomba jambo moja: aje mwenyewe Jumamosi inayofuata, akae nasi atazame. Akaja.

Siku hiyo, mwanzoni mwa mwaka 2024, ilikuwa zamu ya somo la pili, la mmomonyoko. Tulikuwa na sinia mbili zilizoinamishwa kwa kuwekewa tofali upande mmoja. Katika ya kwanza tulitia udongo mtupu. Katika ya pili tulitia udongo ule ule, lakini wenye nyasi zilizokwisha kushika mizizi. Juu ya kila moja tulipanga vijumba vya viberiti: vingine juu, vingine katikati, vingine chini ukingoni. Kisha mtoto mmoja akamwaga maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Katika sinia ya nyasi maji yalishuka yakiwa karibu safi na vijumba vikabaki. Katika sinia tupu maji yalichimba mifereji, yakageuka mekundu, na vijumba vya chini vikaondoka kwanza.

Watoto walicheka, kwa kuwa ilikuwa kama mchezo. Binti wa mama yule, mtoto wa miaka kumi, hakucheka. Alitazama kwa muda, kisha akauliza: "Ustadha, sisi tuko katika sinia ipi?"

Nyumba yao ilikuwa chini kabisa, upande wa Mto Ngong. Mto ule ndio unaoliingia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo kwa miaka mingi sasa limejaa tope, taka na magugumaji. Sehemu ya tope hilo ni miteremko ya Kibera yenyewe iliyokwisha kuteremka. Hatukumdanganya mtoto. Tulimwambia kwamba ni sinia tupu, na kwamba ni vizuri kulijua hilo. Kisha tukawachukua watoto wote nje, wakatembea kutoka juu hadi chini wakichora kwenye karatasi kila mahali maji yanapopita: hapa yameacha mchanga, hapa yamefunua msingi wa ukuta, hapa mfereji umezibwa na taka. Mama yake alitembea nasi njia nzima. Hakutaja tena habari ya tope.

Majuma yaliyofuata, yeye na jirani zake waliuzibua mfereji wa juu na kupanga magunia ya udongo kando ya kichochoro, wakifuata michoro ya watoto. Kisha ikaja masika. Wasomaji wetu wanakumbuka mvua za Aprili na Mei 2024, zilizoua mamia ya watu nchini na kufurika katika mitaa mingi ya Nairobi. Magunia yale yalisaidia kwa siku za mwanzo tu. Mvua kubwa ilipoanza kunyesha jioni, mama yule hakungoja usiku. Aliwachukua watoto wake na kupanda nao kwa dada yake, aishiye juu karibu na barabara. Kulipokucha, ukuta wa nyuma ulikuwa umekwenda, pamoja na kitanda, jiko na madaftari.

Hatudai kwamba sinia mbili ziliiokoa familia hiyo. Uhai uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na mama yule alikuwa mtu mwenye busara kabla hajatujua. Wala hatutaki msomaji adhani kwamba maskini huishi kando ya mto kwa kukosa elimu ya mawe. Kodi ndiyo iliyomchagulia mahali. Baada ya mafuriko, serikali iliamuru waishio kando ya mito wahame, na nyumba nyingi jijini zikabomolewa. Wengi walioondolewa hawakuwa na pa kwenda. Mtoto hawezi kuyarekebisha hayo kwa kopo na sinia. Mifereji, makazi na ardhi ni amana ya wakubwa, na wenye mamlaka wataulizwa juu yake.

Hata hivyo, lipo ambalo somo hili humpa mtoto. Mtoto aliyekariri tu, mvua inapokuja, huwa na hofu peke yake. Mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi maji yanavyofanya kazi huwa na hofu hiyo hiyo, lakini pamoja nayo ana la kutazama na la kusema: hapa pameanza kuchimbika, hapa ukuta una ufa mpya, hapa maji yamebadilika rangi. Na mtoto anayesema jambo la kweli hufika siku akasikilizwa na wakubwa.

Katika Suratul Baqara, aya ya 74, nyoyo zilizosusuwaa zimefananishwa na mawe, kisha tukakumbushwa kwamba hata mawe yamo yanayopasuka na kutoa maji. Tuliwasomea watoto aya hiyo baada ya majaribio yote, si kabla. Walikuwa na mawe mikononi, na hawakuhitaji maelezo marefu.

Mzazi anayetaka kuanza nyumbani hahitaji maabara. Aliye Mombasa, Malindi au Lamu aokote kipande cha tumbawe kilichokwisha kuvunjika, si kutoka ukuta wa mtu wala mwamba hai wa baharini, na akikose siki atumie ndimu. Atafute msumari, gilasi ya maji ya chumvi, na sinia mbili. Amuulize mtoto kwanza anadhani kutatokea nini, ndipo amwage maji. Kisha watoke pamoja mvua inapokatika, wautazame ukuta wao wenyewe na njia ya maji mbele ya mlango wao. Na kama kuna kijiwe cha liwa cha bibi kilichowekwa kabatini, siku hiyo kitolewe.

Familia ile imehamia upande mwingine wa jiji na binti hafiki tena Jumamosi. Jiwe lake, la kijivu lenye ufa mmoja, bado limo sandukuni na jina lake, nasi tumemtumia salamu kwamba ni lake siku yoyote atakayolitaka. Watoto wapya wamekwisha kuongeza ya kwao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, walio juu ya mteremko na walio chini yake, na atujaalie sisi wakubwa tuyaone yanayoondoka kidogo kidogo kabla hayajaisha.